Saa ya Kimya

Sijui kukaa. Wajukuu zangu wananicheka kwa hilo. Nikipewa kiti naweka mkoba juu yake, mwenyewe nasimama pembeni. Kwenye shughuli za watu nazungukazunguka jikoni mpaka wenye nyumba wananisihi nitulie, natulia kidogo, kisha nainuka tena. Wanadhani ni uzee. Si uzee, nimekuwa hivi tangu nina akili zangu, na mara moja tabia hii ilikaribia kunitoa chuoni. Badala yake ikamtoa mtu mwingine.

Chuo chenyewe kilikuwa cha walimu wa kike, nje kidogo ya Chake Chake, miaka ile kabla ya uhuru ambapo siasa zilikuwa zimepamba moto na watu walikuwa hawaziki pamoja. Kilikuwa na bweni moja refu, madarasa mawili na jiko la makuti kwa nyuma. Mimi nilitoka Kojani. Wazee wa kwetu walikuwa wamekubali mabinti waingie skuli kwa sharti moja, wafundishwe na mwanamke, na mwanamke huyo awe wa kwetu. Aliyepatikana ni mimi peke yangu, hakukuwa na wa pili. Siku ninayoondoka wasichana waliingia majini mpaka magotini wakaishika mashua, wakaniuliza nitarudi lini. Nikawaambia miaka miwili, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke wa Unguja, mrefu, mwenye miwani, na moyo wake ulikuwa mzuri kupita kiasi. Nasema hivyo kwa sababu wema wake ndio ulionitesa. Alikuwa na daftari ambalo kila mwanafunzi alipewa ukurasa wake: nani amekula, nani kaacha chakula, nani analilia kwao, nani amepungua. Kila Jumamosi alituita ofisini mmoja mmoja, akatumiminia chai kwa mkono wake na kutuuliza habari za nyumbani. Majina ya mama zetu wote aliyajua kwa moyo. Sijaona tena skuli iliyomwangalia mtu namna ile, na nimeziona nyingi.

Lakini kulikuwa na saa ya kimya. Kila siku baada ya sala ya Alasiri tuliingia darasani kujisomea, mgongo umenyooka, midomo imefungwa, kidole chini ya mstari. Mwalimu Mkuu aliamini kwamba msomi wa kweli husoma kwa macho. Mimi nilikuwa nimejifunza kusoma madrasa, juu ya mkeka, na madrasa yetu ilisikika kutoka pwani. Tulisoma kwa sauti ya juu huku tunajitikisa mbele na nyuma, sote, kutwa. Mwalimu wetu akimwona mtoto katulia hujua kalala, na bakora humfikia pale pale alipo. Kwa hiyo kusoma kwangu kulikuwa na mwili. Nikifungwa mdomo na mgongo, maneno nilikuwa nayaona vizuri tu kwenye karatasi, lakini hayaingii.

Wiki ya kwanza nilijizuia. Ya pili nikaanza kujitikisa bila kujua, na midomo ikaanza kwenda. Msichana wa pembeni yangu akanifinya paja. Nikatulia, na nilipotulia jasho likanitoka na miguu ikaanza kucheza chini ya meza. Mwalimu Mkuu akaniona. Akanijia taratibu, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa kwa nguvu. Nilipelekwa kwa daktari, akanitazama macho na ulimi, akanipa dawa ya minyoo. Nikaongezewa maziwa asubuhi na jioni. Bado nikajitikisa. Nikaondolewa kwenye kazi za bustani, kisha kwenye michezo, mwisho nikaondolewa kwenye saa ya kimya yenyewe na kuamriwa nikalale chumba cha wagonjwa mpaka Magharibi. Mimi, mtu asiyejua kukaa, nikalazwa. Nilihesabu boriti za dari, nikageuka nikahesabu upya. Nilikuwa nataka kupiga kelele. Sikumwambia mtu kwamba naweza kusoma nikiachiwa sauti yangu, kwani wenzangu wengine walikuwa mabinti wa mjini wanaogeuza kurasa bila kutoa hata pumzi, na mimi nisome kama mtoto wa alifu-be-te? Niliona heri ugonjwa.

Mtihani wa kati ya mwaka nikaanguka karibu kila somo. Jumamosi ile chai ilinywewa bila mazungumzo mengi.

"Sikulaumu, mwanangu," aliniambia Mwalimu Mkuu. "Lakini afya yako naiona haikubali. Tutazame mtihani wa mwisho wa mwaka. Ukiwa hivi hivi, nitakurudisha nyumbani ukapumzike."

Nikasema vyema, Mwalimu. Nikatoka nje, nikaizunguka nyumba ya ofisi mara tatu nikiwafikiria wale wasichana ndani ya maji.

Dirisha la chumba cha wagonjwa lilitazamana na mlango wa jiko. Mpishi wetu alikuwa bibi wa Chokocho, mjane, mfupi, mwenye mikono minene na maneno machache. Kila alasiri alikaa mlangoni juu ya mbuzi yake, ile ya kwake mwenyewe aliyokuja nayo kutoka kwao, akikuna nazi za wali wa jioni. Siku mbili tatu baada ya ile chai nilikuwa nakwenda na kurudi chumbani, kutoka ukutani hadi dirishani, akaniita.

"Ndoo hapano. Ntoto gani yuno hatulii? Waumwa nini?"

"Siumwi, Bi."

"Basi kama huumwi shika nazi hino. Watia kizunguzungu."

Akanipisha kwenye mbuzi. Kukuna nazi hakuhitaji maelezo kwa mtu wa pwani, unaizungusha nazi kwenye meno ya chuma na mwili unakwenda nayo, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nazi ya kwanza haijafika nusu nikajisikia nasema kwa sauti somo la siha lililonishinda mwezi mzima: mbu jike hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, mayai huwa viluwiluwi. Nikalisema mpaka mwisho. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko furaha. Bibi alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Tena," akasema. "Hapo pa viluwiluwi sikupasikia."

Ikawa ndiyo kazi yetu. Kila siku nikiamriwa kulala natoka dirishani na kitabu, nakiweka wazi juu ya kinu, nakuna na kusoma. Jiografia, hesabu, malezi ya watoto, vyote vilipitia kwenye mbuzi ile. Yeye hakujua kusoma hata jina lake, lakini alikuwa na sikio. Nikikosea kitu nilichokisema vizuri jana yake alikohoa. Alama zangu zikaanza kupanda, na Mwalimu Mkuu akaandika kwenye daftari kwamba mapumziko yananifaa.

Sasa chuo kilikuwa na amri moja kubwa, mwanafunzi haingii jikoni. Mwaka wa nyuma yake wazazi wawili walikuja juu kwamba mabinti zao wamepelekwa kusoma wanafanywa watumishi, na kwa zama zile kila lawama iligeuzwa siasa kabla ya jua kuchwa. Mwalimu Mkuu aliapa halitatokea tena. Mimi nililijua hilo. Bibi pia alilijua.

Jumatatu moja Mwalimu Mkuu alikuja jikoni kutazama mchele mpya ulioletwa. Akanikuta mimi, mgonjwa wake, nimekaa juu ya mbuzi natiririka jasho, na mpishi amekaa kwenye kibao anapepea moto. Nilikwisha kunyamaza niliposikia viatu vyake. Kitabu kilikuwa nyuma ya kinu.

Hakupandisha sauti. "Bi," alimwambia, "mtoto huyu mgonjwa, nawe unamtumikisha?"

Bibi alinitazama mara moja tu. Alikuwa ananipa nafasi, hilo nililielewa pale pale, si baadaye. Nikatazama nazi iliyo mkononi mwangu.

"Nilitaka nkono wa kunsaidia," akasema Bibi. "Kosa langu."

Akaambiwa amalize juma aende kwao. Nilikuwa na siku tatu nzima za kusema neno moja. Mara kumi nilifika mlangoni pa ofisi nikageuka. Usiniulize niliogopa nini, maana nikikitaja utacheka: niliogopa wenzangu wajue kwamba sisomi kwa macho. Sikula wala sikutulia hata juu ya msala. Ijumaa asubuhi nilimwona Bibi akitoka kwa njia ya nyuma, furushi la nguo kichwani na mbuzi yake kwapani, hakupita kwenye dirisha langu.

Hapo ndipo nilipokwenda. Nikaingia bila kubisha, nikamwambia Mwalimu Mkuu yote nikiwa nimesimama. Hakuniamini. Akafungua kitabu cha siha, akanipa ukurasa nisome kimya, akaniuliza nilichosoma. Sikuweza kusema hata mstari. Kisha nikamwomba ruhusa, nikaketi sakafuni kwenye mkeka wake, nikausoma ukurasa ule mara tatu kwa sauti yangu ya Kojani huku najitikisa, nikamrudishia kitabu nikausema wote kwa moyo. Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukusema?"

Na yeye ndiye aliyeniuliza kila Jumamosi kama nina shida.

Siku ile ile alimtuma karani kwa baskeli mpaka Chokocho kumtaka radhi Bibi na kumwomba arudi. Karani alirudi na jibu fupi, kwamba radhi anayo na kurudi harudi. Saa ya kimya ikabadilishwa. Anayetaka kusoma kwa macho abaki darasani, anayetaka sauti aende ukumbi wa nyuma penye mikeka. Nilijua nitakaa kule peke yangu na aibu yangu. Zaidi ya nusu ya darasa walinyanyuka na vitabu vyao, na wa mbele yao alikuwa yule aliyekuwa akinifinya paja. Wiki ya pili yake chuo chetu kilisikika barabarani.

Nilifaulu mwaka ule, na mwaka uliofuata nikapata cheti. Kabla ya kurudi kwetu nikapanda gari la shamba kwenda Chokocho kumwomba Bibi msamaha kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu chuoni.

Nilimkuta uani juu ya mbuzi, akikuna nazi za wageni wake wa mchana. Nikabusu mkono wake. Hakushangaa. Akainuka, akanipisha, akanipa nazi.

"Nisomee ulichopewa."

Nikakiweka cheti gotini, nikakuna, nikamsomea. Akataka tena, nikamsomea tena. Akauliza kama ya mbu bado ninayo, nikampa yote, viluwiluwi na kila kitu, naye akacheka kidogo kwa pua. Kisha akaningojea. Nilikuwa na yale maneno mdomoni, yamepangika vizuri, na kila nilipovuta pumzi niyaseme nikavuta nazi badala yake. Nikamweleza habari za skuli ya Kojani, wasichana wangapi wameandikishwa, kiwanja kiko wapi. Nikakuna. Kule barabarani gari likapiga honi ya kwanza.

"Mwanangu," akasema, akanishika kifundo cha mkono. "Nazi imekwisha kitambo. Wakuna kifuu."

Nikatazama chini. Sinia nzima ya nazi nyeupe ilikuwa imeingia unga wa kifuu, mweusi, na wageni wake wa mchana walikuwa wanaingojea. Kwa mara ya pili nilikuwa nimemharibia, na sikuwa nimesema kitu. Akaichukua sinia, akaipepeta kidogo kidogo, akaniambia niwahi gari.