Giaboksi ya Mgombea wa Jomvu

Wazungu walipoanza kuuza vitu vyao ili warudi kwao, Changamwe tulipata makochi, mbwa wakubwa wasiojua Kiswahili, piano moja isiyo na mpigaji, na gari la Kimarekani lisilo na klachi. Gari hilo alilinunua bwana mmoja wa Jomvu Kuu aliyekuwa na malori ya kubeba mawe. Siku zile mtambo wa kusafishia mafuta ulikuwa ukijengwa huku kwetu, na kila jiwe lililoingia pale lilipita juu ya lori lake, au ndivyo alivyopenda kusema. Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa. Kanzu yake haikuwa na kunyanzi na shingo yake haikuwa na desturi ya kugeuka. Ukimwambia "shikamoo" njiani, "marahaba" yake uliipata siku ya pili, kupitia kwa mtumishi.

Mimi nilikuwa fundi. Gereji yetu ilikuwa kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege, mabati juu, mabati ubavuni, na chini mchanga mweusi wa oili. Mwenzangu alikuwa Mrabai, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, aliyekwenda vita vya Burma na kurudi na kofia ya jeshi na elimu ya vifaru. Alidai kwamba vifaru vya Wamarekani vilikuwa na giaboksi inayojibadili yenyewe kama ya gari lile, na kwamba alikwisha kuzifungua kwa mikono yake. Kila alipoulizwa alizifungulia wapi, alitaja mto mwingine. Lakini mimi sikuwahi kuiona giaboksi ya namna hiyo hata katika picha, kwa hiyo mbele ya wateja nilikuwa nikitikisa kichwa na kusema, "Huyu ndiye mwenyewe."

Yule bwana alikuwa anagombea kiti cha baraza la mji kwa upande wetu wa nje ya kisiwa. Siasa yake ilikuwa nyepesi kubeba. Akiwa Jomvu alitaka mwambao uwe peke yake, na bendera ya Sultani isiguswe. Akifika kwenye nyumba za wafanyakazi waliotoka bara, alitaka nchi iwe moja, tena haraka. Akipita kwa Wahindi wenye maduka alitaka amani. Hakuna aliyemwita mwongo, kwa sababu hakuna aliyekaa kwenye mikutano yake miwili.

Kilichomuudhi maishani ni kupitwa. Asubuhi moja pale Kibarani, mshindani wake, mfanyabiashara wa nazi kutoka Kisauni, alimpita na gari jipya akamwachia vumbi la kutosha kanzu nzima. Yule bwana hakwenda tena mjini siku ile. Aliligeuza gari, akaja moja kwa moja kwetu.

"Nataka injini kubwa," akasema kabla ya salamu.

Injini alikuwa ameshaipata. Ilikuwa ya silinda nane, iliyotolewa kwenye gari lililogonga mnazi huko Nyali. Mwenzangu akaizunguka pale juu ya lori, akaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Injini ni nzuri, bwana. Lakini giaboksi yako imezoea ile ndogo."

"Itazoea."

"Haitazoea, bwana. Itaungua. Afadhali uchukue na giaboksi ya gari hilo la Nyali, ile ya gia za mkono."

"Yenye klachi?"

"Ndiyo, yenye klachi."

Yule bwana akamtazama kama aliyetukanwa. "Mimi sikununua gari ya Kimarekani ili mguu wangu wa kushoto ufanye kazi."

Tukaifunga injini kubwa kwenye giaboksi ndogo. Tulichonga bamba la chuma la kuziunganisha, tukasogeza rejeta, tukakata hapa na kuchomelea pale. Gari lilipowaka, paa la gereji lilitetemeka na kuku wa jirani wakahama. Yule bwana alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Jumamosi yake akalipeleka Likoni, kwenye mkutano, na sisi mafundi tukaambiwa tukae kiti cha nyuma ili watu waone kwamba ana mafundi.

Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Tulivuka feri vizuri. Feri iliposhusha mlango upande wa Likoni, palikuwa na kile kilima cha kutokea ufukoni, na juu ya kilima palikuwa na umati, ngoma, na akina mama wenye leso za rangi moja. Yule bwana akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kama mwisho wa dunia. Gari likapanda kidogo, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma kwa heshima kuelekea baharini. Aliendelea kukanyaga. Kelele zikazidi, moshi ukatoka chini ya miguu yetu, na harufu ya oili iliyoungua ikajaa ndani.

Kijana mmoja wa upande wa mshindani akapaza sauti kutoka juu: "Jamani, nyamazeni! Gari linahutubia!"

Wallahi, umati ulicheka mpaka mpiga ngoma akaweka chini fimbo zake. Tulisukumwa na wachukuzi wa feri mpaka juu. Yule bwana hakushuka. Alikaa nyuma ya usukani ameangalia mbele, mikono juu ya gurudumu, akisukumwa kama maiti ya mtu mkubwa.

Jumatatu gari liliburutwa na lori lake mwenyewe mpaka kwetu. Tukaishusha giaboksi, tukaifungua juu ya turubai safi. Ndani mlikuwa na sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati, moja ya chuma kitupu, moja iliyovishwa kitu kigumu mfano wa karatasi. Kazi yake ni rahisi kueleza. Oili inasukumwa kwa nguvu, sahani zinabanana, gari linakwenda. Injini ikiwa na nguvu kuliko mbano huo, sahani zinateleza, na zikiteleza zinaungua. Zetu zilikuwa nyeusi kama mkaa wa kuchomea mahindi.

"Kwenye vifaru mlifanyaje?" nikamuuliza mwenzangu.

Akajikuna. "Kifaru kikiharibika tulikuwa tunapewa kingine."

Basi tukafanya kwa akili zetu. Tulimwendea fundi wa kuchonga vyuma bandarini, akatupunguzia unene wa sahani za chuma, na katika nafasi iliyopatikana tukaongeza sahani nyingine, ili mbano ugawanywe kwa wengi. Ukanda wa chuma unaoikaba ngoma ya ndani, lile pipa dogo linalozunguka, tuliuvisha upya, kwa kitambaa kigumu zaidi. Rejeta ndogo tuliitoa kwenye pampu ya maji ya Mhindi mmoja, ile mashine ya kumwagilia shamba, tukaifunga mbele ya gari ili oili ipoe peke yake. Mwisho tukatoa springi inayopima nguvu ya oili, tukaweka washa, kile kipete bapa cha chuma, nyuma yake ili ikaze. Washa moja ilitosha. Mwenzangu akakumbuka ule umati wa Likoni, akaongeza nyingine. Mimi nikaukumbuka pia, nikaongeza yangu.

Siku ya kujaribu gari lilipanda kila kilima tulichokijua. Halikuteleza hata kidogo. Lilikuwa na jambo moja tu. Kila gia ilipojibadili, sahani zilibanana kwa ghafla kama mlango uliopigwa na upepo, na gari likaruka mbele. Kichwa cha aliyekaa ndani kilikwenda nyuma, kisha kikarudi mbele na kuinama.

"Tupunguze washa," nikasema.

"Kesho," mwenzangu akasema. Lakini mwenye gari hakungoja kesho. Alikuja na mkewe, akalichukua.

Mkewe ndiye aliyerudi kutupa habari. Alikuwa mama mcheshi, mwenye ulimi usiomwogopa mtu, na alikuja kwa miguu. "Hiyo gari yenu ina pepo," akasema akijifunga buibui vizuri. "Mara ya kwanza nilidhani tumegongwa. Mara ya pili nikapiga shahada. Tangu Changamwe mpaka Jomvu nimeng'ata ulimi mpaka sina hamu ya kuzungumza, na nyinyi mnajua hilo si jambo dogo."

Tukaanza kuomba radhi. Akainua mkono.

"Ngojeni. Hamjasikia. Barabarani watu walikuwa wakimwamkia mume wangu kama kawaida, kwa sababu ya umri wake tu. Gari ikaruka, naye akainamisha kichwa. Mzee mmoja akadhani ameitikiwa, akasimama mdomo wazi. Mbele kidogo akina mama wa sokoni wakapunga mkono, gari ikaruka tena, akawainamia. Sasa Jomvu nzima yasema amejifunza adabu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Gari likipita taratibu kwenye watu linabadili gia mara kwa mara, likipunguza na kuongeza, na yule bwana aliinamia wauza samaki, walevi, watoto wa chuo cha Kurani, wachukuzi, na mbuzi wawili niliowaona kwa macho yangu. Watu waliotoka bara wakasema huyu Mswahili hana majivuno. Maalimu mmoja alimtaja msikitini kuwa mfano wa unyenyekevu. Kule Likoni alipanda kile kilima akiinama njia nzima, na ngoma zikapigwa mpaka jioni.

Tulimwendea nyumbani kumwambia kwamba sasa tunajua dawa, tutoe washa mbili tu na mruko utapungua.

Alikuwa amekaa barazani, shingo amefungwa kitambaa chenye mafuta ya mchaichai. "Mkiigusa gari hii kabla ya uchaguzi," akasema polepole, "nitawafungia gereji."

Mshindani wake wa Kisauni hakuwa mjinga. Alianza kuinama naye. Lakini gari lake jipya lilikuwa laini kama maziwa, na mtu akiinama mwenyewe inaonekana. Watu walimwita mnafiki. Yule bwana wetu akashinda kwa kura nyingi, akaingia barazani na shingo iliyovimba.

Wiki ile ile alikuja gereji, akaegesha, akashuka akijishika kisogo.

"Ondoeni huo upuuzi. Nataka gari laini. Mimi ni diwani."

"Tutatoa washa mbili, bwana," nikamwambia. "Ile ya kwanza lazima ibaki, ama injini hii itaishinda giaboksi."

"Toeni zote. Nataka laini kabisa. Glasi ya maji isimwagike."

Mwenzangu alijaribu kumweleza habari ya mbano na kuteleza, akampangia hata chapati zetu za mchana juu ya benchi ili aelewe. Diwani akala moja, akasema toeni zote. Tukatoa zote. Gari likawa laini kiasi kwamba hukujua gia imebadilika ila kwa sauti. Diwani alipita barabarani ameketi wima, na watu wakabaki wameinua mikono hewani wakingoja.

Haikuchukua muda. Siku ya bendera mpya, siku ya uhuru, madiwani wote walitakiwa uwanjani kisiwani, nyuma yao msururu wa magari. Kuanza kupanda kutoka Kibarani, sahani zikaanza kuteleza. Injini ikanguruma, moshi ukafunika msururu, na gari likasimama katikati ya barabara. Wote waliokuwa nyuma wakasimama nyuma yake, pamoja na bendi ya polisi. Mimi nilikuwa ukingoni pamoja na umati. Walikuwepo wachukuzi, wauza samaki, na wale wazee wa shikamoo. Mtu mmoja akasema tumsukume. Mwingine akasema, "Kwani ametuomba?"

Diwani alikuwa ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya moshi. Akafungua kioo kidogo, akachungulia. Alikuwa na jasho na tarbushi yake imepinda.

"Jamani," akasema. "Salamu alaikum."

Watu wakaitikia. Wakangoja kidogo, kwa raha zao. Kisha wakamsukuma kando, mtaroni, ili bendi ipite.

Mwenzangu aliifungua ile giaboksi mwezi uliofuata. Sahani zilikuwa zimeshikana kitu kimoja, hazikubali hata patasi. Diwani alikuwa ameshapewa gari la baraza lenye dereva, na hili la Kimarekani hakulirudia tena. Tuliitoa injini yake, tukamuuzia mwenye mashua ya kuvusha watu Jomvu. Ilimfaa sana. Mashua haina gia.