Mpangaji wa Chungu Kimoja

Odile Pelkey alikuwa na miaka sabini na miwili alipompangisha Royce Haskell chumba cha juu. Mumewe alikuwa ameshafariki, kiwanda cha karatasi kilichoulisha mji mzima kilikuwa kimefungwa, na mafuta ya kupasha nyumba joto hayakamatiki kwa bei. Chakula alinunua kwa kadi ya msaada wa serikali, nayo ilimtosha yeye peke yake.

Kabla mpangaji hajahamia, Odile alikwenda ofisi ya msaada kuuliza. Afisa aliyemhudumia, Bi Nadeau, hakumficha.

"Akilipia chumba tu na kujipikia, yeye kivyake na wewe kivyako. Akikulipa na chakula kwa bei ya haki, bado hatumhesabu kwako. Lakini akila chungu kimoja nawe bure, au kwa vijisenti, huyo ni mtu wa nyumba yako, na mshahara wake tutauhesabu kama wako."

Odile akarudi nyumbani, akampangia Royce rafu yake kwenye friji.

Royce alikuwa mtu wa makamo, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, mpole wa kuvua viatu mlangoni. Mwezi wa kwanza ulipita vizuri. Jumamosi moja Odile alipotoa chungu cha maharagwe ya kuoka kwenye oveni, alimkuta kasimama mlangoni mwa jikoni na uma mkononi.

"Mama Odile, harufu hii itaniua."

Alimpakulia sahani moja. Jumamosi iliyofuata Royce alikaa mezani bila kualikwa, na kufika Krismasi alikuwa akila hapo kila siku. Rafu yake haikuwa na kitu.

Januari, mwezi haujafika nusu, kabati likawa tupu. Odile akajikaza.

"Royce mwanangu, si tulikubaliana kila mtu na chungu chake?"

Royce aliendelea kupaka siagi mkate. "Tulikubaliana. Lakini tunakula pamoja tangu Novemba, au siyo? Ofisini umewaambia?"

Odile akageukia kabati tupu, akalifunga.

"Sijasema nitakuchongea. Nauliza tu, mama."

Tangu siku ile Royce alikaa kwenye kiti cha marehemu mume wa Odile. Kodi akawa anatoa akipenda. Simu ikilia, anaipokea yeye: "Amepumzika." Barua alizitoa sandukuni kabla Odile hajashuka ngazi. Alianza kusema "nyumba yetu", kwa sauti ileile ya upole, na Odile akawa anaomba ruhusa kuwasha redio yake mwenyewe.

Februari Royce alimwekea karatasi mezani. Ilikuwa fomu ya kuomba msaada upya, bahasha yake imeshafunguliwa.

"Nimekujazia. Weka sahihi tu."

Palipoulizwa nani ananunua chakula na kupika pamoja na Odile, Royce alikuwa ameandika: hakuna. Odile akaielewa ile fomu. Mpaka hapo alikuwa amenyamaza tu. Akitia sahihi, uongo ungekuwa wake, umeandikwa, na mwenye kuujua angekaa juu ya shingo yake mpaka kufa.

"Miwani nimeisahau kanisani," alisema. Akavaa koti, akaikunja fomu, akatoka.

Hajafika kona, alisikia gari likipunguza mwendo nyuma yake. Royce akateremsha kioo.

"Panda, mama. Theluji hii utateleza."

"Natembea."

Gari lilimfuata hatua kwa hatua, likapita naye kanisa bila Royce kuuliza kitu, likasimama mbele ya ofisi ya msaada.

Odile alimweleza Bi Nadeau yote. Afisa alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa sheria, miezi hiyo alikuwa mtu wa nyumba yako. Kadi itasimama, na kilichozidi utakirudisha kidogo kidogo."

"Akiondoka?"

"Akiondoka, utahesabiwa peke yako tena." Bi Nadeau alichungulia dirishani. "Ndiye yule kwenye gari?"

"Ndiye."

"Basi leo usirudi peke yako."

Odile alimpigia dada yake, Solange, kutoka pale pale. Solange alikuja na sanduku la nguo, akakaa. Royce akapewa notisi ya siku thelathini, akaipokea bila ubishi. Alipanda na kushuka ngazi, na wale dada wawili wakawa wanafunga mlango wa jikoni kila waliposikia hatua zake.

Siku ya ishirini na sita aliondoka, bila kuacha anwani. Chumba kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa. Kwenye droo Solange alikuta barua zote ambazo yeye mwenyewe alimwandikia Odile tangu Januari, pamoja na karatasi za kuhamisha umiliki wa nyumba. Nyuma ya bahasha moja mtu alikuwa amejaribu sahihi ya Odile, mstari baada ya mstari. Za mwanzo zilikuwa mbovu.

Odile aliisogeza ya mwisho karibu na taa.

"Hii ni yangu," alisema. "Hii hata mimi nisingeikana."

Solange aliipeleka bahasha polisi asubuhi ileile. Kadi ilirudi mwezi wa Mei, na chumba cha juu hakijapangishwa mpaka leo.