Mlango Niliomzuilia Mama Mkwe

Mwanangu wa kwanza alizaliwa miezi mitatu kabla ya wakati wake, katika hospitali moja mjini Nakuru. Mguu wake wote ulitoshana na kidole changu cha kati. Mwanzoni mashine ndiyo iliyompumulia. Baadaye wakamtoa kwenye mashine, lakini kila walipojaribu kumwondolea oksijeni midomo yake ilibadilika rangi. Daktari akatueleza kwamba mapafu yake hayakuwa yamekomaa, na mashine ileile iliyomwokoa ilikuwa pia imeyaumiza.

"Hakuna dawa ya kuyaponya mara moja," alisema. "Tutamsaidia apumue, ashibe, akue. Akikua, na mapafu yatakua naye."

Basi nikawa wa kumkuza. Nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi mpaka mgongo ukaniuma. Nilikamua maziwa, sista akayatia kidogo kidogo kwenye mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni. Kulikuwa na dawa ya kupunguza maji kwenye mapafu, ambayo sikuwahi kuichelewesha hata dakika tano.

Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, tulipewa mashine ndogo ya oksijeni, na mtungi wa akiba kwa siku ambazo stima ingepotea. Hatukurudi Elburgon, ambako mume wangu alikuwa akifanya kazi ya kupasua mbao. Vumbi la mbao na moshi wa jiko vingemmaliza mtoto. Tulikodi chumba karibu na hospitali. Sista alinionya: asikaribie moshi, wala mtu mwenye mafua.

Wiki ya pili, mama mkwe alikuja kutoka Olenguruone. Alikuwa ametoka kwake alfajiri, na kuku na maziwa, na hakuwa amemwona mjukuu wake hata siku moja. Nilifungua mlango, na kabla ya salamu nikasikia harufu ya kuni kwenye sweta yake.

"Mama, unanuka moshi. Huwezi kuingia."

"Nimeoga, mwanangu."

"Ni nguo. Sista alikataza."

Alijiangalia, akarudi nyuma hatua moja. Akaniuliza kama angeweza kumwona kupitia dirishani. Nilivuta pazia, nikamwinua mtoto na mpira wake puani. Alimwangalia kwa muda mrefu, akasema ana paji la uso la marehemu babu yake. Kisha akaweka vitu alivyoleta kizingitini na kuondoka. Sikumpa hata chai.

Kliniki iliyofuata nilimsimulia sista, nikitarajia kusifiwa. Alikuwa akipima oksijeni ya mtoto kidoleni, wala hakuinua macho.

"Ulimpa nguo nyingine abadilishe?"

Sanduku langu nyumbani lilikuwa limejaa magauni na leso safi.

Ningeweza kupiga simu siku hiyohiyo. Nilijiambia nitamwita mtoto akishaachana na mashine, ili ambebe bila mipira, tusahau yote. Kiburi kikaniambia hilo ndilo jambo la busara. Miezi ikapita. Tulimpunguzia oksijeni polepole, kwanza mchana, halafu akiwa amelala.

Ilikuwa imebaki kidogo tu aiache kabisa, mama mkwe alipoanguka shambani kwa sababu ya presha. Alifariki kabla hajafikishwa hospitalini.

Baada ya mazishi, jirani yake alinipa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Ndani mlikuwa na rinda, sweta na kitambaa cha kichwa, vyote vimefuliwa na kupigwa pasi. Jirani huyo alikuwa akipikia gesi.

"Aliniomba nimwekee kwangu visishike moshi," aliniambia. "Alisema mkimwita, atapitia hapa abadilishe."

Mume wangu alikuwa amesimama kando. Hakunilaumu siku hiyo wala baadaye, na afadhali angenilaumu.

Mtoto sasa ana miaka mitano. Akikimbia sana hukohoa, na msimu wa baridi tunatembea na dawa yake ya kuvuta, lakini anakimbia. Juzi aliona picha ya nyanya yake ukutani, akaniuliza kama aliwahi kumbeba.

"Alikubeba," nikasema.

Mume wangu aliacha kula, akaniangalia, kisha akaendelea.