Siku Mzee Kyaruzi Aliponyamaza

Mume wangu Clavery anafundisha historia sekondari, na haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, chaki ikiwa mkononi. Hapa Izimbya watu walidhani atabaki nyumbani akisikiliza migomba inavyopepea. Wapi! Alijifunza kutumia kompyuta inayosema. Kila anachoandika, na kila kinachotokea kwenye kioo chake, inamsomea kwa sauti.

Hiyo sauti sasa, jamani! Inatokea puani, haipumui, inasoma mpaka nukta. Nikaiita Mzee Kyaruzi, jina la jirani yetu ambaye akianza kusimulia hupati hata nafasi ya kuaga. Nilikuwa siipendi. Nikisema chakula kiko tayari, Mzee Kyaruzi naye yupo, anaongea juu yangu.

Halafu akanyamaza. Ijumaa Clavery alirudi kutoka semina ya walimu Bukoba mjini, kompyuta yake begani, anasifia intaneti ya bure waliyopewa huko. Jumamosi asubuhi akaiwasha kompyuta aendelee na kazi. Ikasema "Ka...", na kabla haijamaliza "Karibu" ikakatika. Mimi nikaona kioo chote kimekuwa bluu, kimejaa maandishi meupe. Ikajizima, ikajiwasha, "Ka...", bluu tena.

Jumatatu alitakiwa apeleke mtihani wa kidato cha tatu aliotunga mwenyewe, na mtihani ulikuwa humo ndani, haujakamilika. Mkuu mpya wa shule alishamwambia, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, kwamba akishindwa, vipindi vyake vitapewa mwalimu mwingine, yeye apumzike. Apumzike! Mtu ambaye darasa ndilo lililomwinua kitandani!

"Imekufa hii," nikasema. "Twende kwa fundi aifute yote, ianze upya."

"Na mtihani uliomo?"

Nikaanza kutafuta mfuko wa kuibebea.

"Mama Esther, kaa hapa," akasema. "Kila tukio lina chanzo. Alhamisi mashine ilikuwa nzima. Kati ya Alhamisi na leo, nini kimebadilika?"

"Hapa si darasani, Mwalimu."

"Jibu swali."

Basi tukaihoji ile kompyuta kama shahidi. Ilianguka? Hapana. Ilinyeshewa? Hapana. Kuna kitu kipya kimechomekwa? Ndiyo, earphone alizonunua mjini. Nikazichomoa, tukaiwasha, "Ka...", bluu. Mkono wangu ukaanza kubonyeza huku na huku. Akaushika.

"Nyie watu wa Muleba na haraka zenu! Kitu kimoja, tuone. Kingine, tuone. Ukibadilisha vyote utajuaje kilichoponya?"

Kisha akauliza lile swali ambalo mimi mwenye macho sikuwa nimelifikiria: hiyo bluu imeandikwa nini? Nikamsomea herufi moja moja. Mwishoni kulikuwa na jina la faili, na ndani yake neno la Kiingereza linalomaanisha sauti. Clavery akapiga goti lake kwa furaha.

"Haifi ovyo! Inakufa ikifungua mdomo tu."

Akanieleza. Kila kifaa cha kompyuta, iwe spika au printa, kina programu yake ndogo ya kukiendesha, inaitwa draiva. Kule semina mashine ilipopata intaneti ilijipakulia draiva mpya ya sauti, na mpya ile haikupatana na mashine kuukuu kama yetu. Dawa ni kuirudisha ya zamani. Lakini ili tufike huko ilibidi tuiwashe kwa namna ya matengenezo, ambamo sauti yote inazimwa.

"Humo nitakuwa kipofu kweli," akasema. Alitabasamu, akanisogezea kompyuta. "Utaniongoza wewe."

Nikawa Mzee Kyaruzi. Nilisoma kila neno lililotokea, kwa Kiingereza changu cha shule, yeye ananiambia teremka, fungua hapo, rudi. Tukafika kwenye orodha ya vifaa, tukafungua cha sauti, nikaona kitufe cha kurudisha draiva ya zamani.

"Bonyeza."

"Nikiharibu je?"

"Tutakuwa tumeharibu wote wawili." Akaweka mkono begani kwangu. Nikabonyeza, tukaizima, tukaiwasha kama kawaida.

Sijawahi kumsubiri mtu hivyo maishani mwangu.

"Karibu," ikasema. Yote, mpaka mwisho.

"Mawe!" nikapiga kelele ya mshangao ya Kihaya, hata Mzee Kyaruzi mwenyewe akaita kutoka shambani kwake kuuliza amefariki nani. Clavery alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi yangu sikuyafuta. Nilimshukuru Mungu pale pale, nimesimama, kwa ajili ya sauti ya puani.

Baadaye nikiwa jikoni namenya ndizi, nikaisikia kutoka sebuleni, ikilivunjavunja jina langu: "Ko-ku-hi-ru-wa, asante kwa macho, nukta." Alikuwa ameniandikia.

"Kasinge waitu!" nikaijibu kama Wahaya tunavyomjibu mkubwa, kwa heshima yote.

Mtihani ulifika shuleni Jumatatu, na vipindi ni vyake mpaka leo. Siku hizi nikimwita mezani na Mzee Kyaruzi akawa katikati ya maneno yake, nafunika chakula, nakaa, namwacha amalize.