Utepe wa Kijani Mlimani

Dada yangu ana pumu tangu utotoni, na siku ile yeye alikuwa mlimani na dawa yake ilikuwa kwangu, chini. Hilo nina hakika nalo. Mengine huenda nimeyachanganya, maana mimi nimeishia la saba na kuandika kwenyewe ni kwa kujikongoja.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Guangzhou, Uchina, tulikokuwa tukifuata bidhaa, joto lilikuwa limepungua. Kwetu ingekuwa vuli, kwao ndiyo mvua imekatika. Mama mmoja wa mtaa wa maduka wa Guangyuan Xilu, aliyekuwa akituuzia nguo za watoto kwa jumla, alitualika kwenye mbio za mtaa wao, vilimani nje ya mji. Tulimwita laoban, kama tulivyowaita wenye maduka wote. Wazazi wanakimbia na watoto, wazee wanatembea, halafu watu wanakula. Dada alifurahi kama kaalikwa harusini.

"Dada, mlima huo," nilimwambia.

"Mlima gani na watoto wa chekechea wanakimbia? Mimi nazunguka bwawa na mama yake laoban, narudi kunywa chai. Wewe linda mikoba, mguu wenyewe kama boga."

Kweli, robota lilikuwa limeniangukia juzi yake, kifundo kimevimba. Nikampa ile inhela yake, dawa ya kuvuta kwa mdomo.

"Iweke huko. Dera halina mfuko, nitaishika kama mwenge?"

Kwa haki ya walioandaa, alama waliziweka vizuri. Njia mbili zilianza pamoja kisha zikaachana msituni: fupi ya bwawani tepe nyeupe, ndefu ya kupanda hadi mgongoni mwa mlima na kushukia upande wa pili tepe za kijani. Wakaeleza kwa kipaza sauti, tena na tena. Ni Kichina, lakini walieleza.

Familia zikaanza kurudi, akina baba na watoto mabegani. Mama yake laoban akarudi peke yake. Akazungumza na bintiye, na laoban akanishika mkono, akanionyesha utepe wa kijani mtini, halafu mlima.

Nilielewa papo hapo. Marobota yetu yote tulikuwa tukiyafunga kitambaa cha kijani. Wapagazi hawasomi jina letu, wala wa bandarini Huangpu, lakini kijani wanakiona, na Dar wanaopokea wanakiona. Dada ndiye aliyekuwa akivifunga kwa mkono wake. Akiingia kwenye ghala hatafuti maandishi, anatafuta kijani, na miguu inafuata. Baadaye aliniambia hata hakuwaza. Aliona kitambaa chetu, akakata kulia. Sijui kama ni kosa. Labda nami ningekata kulia.

Sasa nimwambieje laoban? Biashara tulifanya kwa kikokotoo. Kichina changu kilikuwa cha ghali, punguza, hakuna, kesho. Nikashika kifua, nikahema kama mbwa. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Wakadhani nataka na mimi kukimbia. "Jiayou! Jiayou!" wakanipigia makofi, ndivyo wanavyowatia moyo wakimbiaji. Mimi na inhela mkononi, natweta bure.

Laoban ndiye aliyeichukua, akaitazama, uso ukambadilika. Akamkimbilia msimamizi mwenye filimbi. Yule bwana hakuuliza mawili; akaishika akapanda mbio kwa njia ile ile waliyoanzia. Nikasema alhamdulillahi.

Kumbe Dada alikuwa keshavuka mgongo wa mlima. Akatokea upande wa pili, kashikwa kiwiko na mzee mmoja wa Kichina asiyemjua, wanateremka hatua moja, wanasimama, hatua moja, wanasimama. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Nikamsikia kifua kabla sijamfikia, kinapiga mluzi. Watu wakashangilia kwamba kamaliza, binti mmoja akamvisha medali. Hakuweza hata kusogeza mkono kumzuia.

"Dawa," alisema. Neno hilo tu.

Dawa ilikuwa mlimani, inamtafuta.

Tukamketisha. Mzee akawa anampapasa mgongo polepole, anahema mwenyewe taratibu ili Dada amfuate. Mimi nilimshika mabega na kusoma dua nilizozijua, na hazikuwa nyingi. Kila pumzi niliona kama ya mwisho. Sikuwa na wa kumlaumu, na hilo nalo lilinikosesha pa kushika.

Mwenye filimbi akashuka kwa nyuma yetu, shati limelowa. Alikuwa kazunguka njia yote ndefu. Akapiga magoti na kumpa. Dada akavuta. Akavuta tena. Tulibaki tunamtazama kifua sote. Mpaka leo sijui kilichomrudisha ni dawa au ni yule mzee. Mimi sikuwa mmojawapo.

Mluzi ukapungua taratibu sana. Watu walikuwa wanakunja meza Dada aliponigeukia.

"Nipanguse pua," akasema.

Nikampangusa.