Namba Nyuma ya Telefone

Nilipomaliza masomo ya jioni, nilitembea mtaa mzima wa Rwambuzi nimeinua shingo. Twiga angeniona angenipisha njia. Nyumbani kwetu mimi peke yangu nilisoma Kifaransa, basi kila karatasi ilikuja kwangu. Ndiyo sababu yaya wangu, dada yetu mkubwa, muuza samaki wa Kasenyi mu soko la Nyakasanza, alipiga picha matokeo ya damu yake akanitumia. Nilimsomea: ana virusi vya sida, yaani ukimwi.

"Mudogo wangu," akasema, "hii iko yako na ya Mungu tu."

Kwetu hakuna umeme. Telefone tunapeleka kwa jirani mwenye jenereta, mashine inayonguruma hata wafu wanaomba kuhamishwa makaburi. Jirani huyo anakutilia nyimbo mpya, bure, wakati betri inajaa. Unabandika tu plasta nyuma ya telefone na kuandika namba ya kuifungulia. Niliandika, tena kwa mwandiko mzuri wa darasani.

Kabla ya juma kuisha, samaki wa yaya walianza kuoza mezani. Mteja wake wa miaka yote alimshika mmoja, akamrudisha.

"Samaki haina mubaya, mama. Ni mikono yako ndiyo nakataa."

Nilimkimbilia jirani, maana telefone ilifunguliwa kwake tu, nikiwa na hasira ya kuchemsha sufuria bila moto. Alicheka. "Picha ilikuwa mu telefone yako. Namba weye mwenyewe uliniandikia. Niliiba nini?"

Nikampeleka yaya kwenye biro ya kartie, ofisi ya mtaa wetu, kushtaki. Mimi msomi, sheria si ninaijua?

"Preve iko wapi, ushahidi?" sekretere akauliza. "Leta telefone. Na namba."

Nikampa. Mara ya pili, jamani! Akatazama, akampa chef, mkuu wa kartie, chef akampa polisi wa mlangoni.

"Kumbe ni yule mama wa samaki!" polisi akasema kwa sauti ya kuamsha mtaa, na yaya ameketi pale pale kwenye benchi.

"Hakuna kitu kilipotea," chef akaamua. "Muende mupatane."

Yaya alisimama, akaichukua telefone mkononi mwa polisi, akaipangusa kwa kikwembe chake, akanirudishia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana mpaka Kasenyi wasikie.

Siku hizi karatasi zake za dawa anapanda nazo pikipiki hadi upande wa pili wa mji, akasomewe na mtu asiyemjua.