Ua Lililotafunwa na Ndama

Kila ninaposikia harufu ya uji wa muhogo, vidole vyangu hukumbuka vitambaa. Dada yangu alikata gauni lake lililochakaa, tukachovya vipande katika uji mwepesi aliotia chumvi ili rangi isitoke, tukavikunja jani kwa jani. Jua lilivikausha vikasimama kama maua.

Siku ya sikukuu tulivipeleka kanisani. Mama mmoja aliyepamba altare alikuwa nje, maua ya bustani yamejaa kwenye nyasi. Yetu hakuyashika hata kidogo.

"Hizi ni matambara. Muziweke kule nyuma, mulangoni."

Dada akauma mdomo. Hapo hapo ndama wa jirani akaja. Alinusa maua ya bustani, akapumua kwa nguvu, akayaruka yote. Akachukua ua letu jekundu, akaanza kulitafuna.

"Muone!" dada akapaza sauti. "Ngombe imeacha yenu yote, imechagua yetu!"

Watu walicheka mpaka yule mama naye akacheka. Alilivuta ua kinywani mwa ndama, akalifuta mate kwa kitenge chake, akaingia nalo.

Misa nzima sikumtazama padri. Nilitazama ua letu, limetafunwa upande mmoja, limesimama altareni mbele ya maua yote.